MKEBE WA MZEE KEYA: ULIWE AU UWEKWE?

Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mdahalo. Mada ilikuwa: "Vitu vya kale vitumiwe, visihifadhiwe." Ukumbi ulifurika pomoni. Waliounga mkono walitoa hoja motomoto, na waliopinga nao hawakulala. Mimi nilitulia tuli nyuma kama maji mtungini. Mwenyekiti aliponitazama, niliinamisha kichwa. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo, tena lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Leo nalitoa hapa jaridani.

Baba yake babu yangu alikuwa askari wa Keya, yaani lile jeshi la King's African Rifles. Hata baada ya kufariki kwake, pale nyumbani kwetu nyuma ya Ukunda, tunamwita Mzee Keya. Katika Vita Vikuu vya Pili, Wakenya karibu laki moja walivaa sare za Mwingereza, na yeye alikuwa miongoni mwa waliovushwa bahari hadi Burma, nchi ambayo siku hizi huitwa Myanmar. Divisheni yao, ya 11 ya Afrika Mashariki, iliteremka bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, mvua za huko zikiwa zimepamba moto. Njia ziligeuka matope, malori yakakwama, malaria ikawaangusha watu, ikawa chakula chao chadondoshwa na ndege. Mapema Desemba mwaka huo walifika Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, na hapo wahandisi wakajenga daraja lenye urefu wa zaidi ya mita 350. Babu husema baba yake alilisimulia daraja hilo mpaka watoto wakasinzia.

Aliporudi mwaka 1946 alikuja na vitu vitatu: blanketi la jeshi, mestini ya kulia chakula, na mkebe mmoja wa nyama ya ng'ombe, ile waliyoiita bulibifu.

Mkebe ule haukuliwa kwa sababu moja tu. Mzee Keya alikuwa Mwislamu wa swala tano, na nyama ile hakujua imechinjwa na nani wala imechinjwa vipi. Kuna wenzake waliokula wakisema ni dharura, naye hakuwalaumu. Yeye alibadilishana: toa nyama, pokea biskuti na sukari. Mkebe wa mwisho ndio hakuubadilisha. Aliukwaruza rangi yake kwa ncha ya kisu, akaandika ubavuni kwa herufi za Kiarabu mambo matatu: jina lake, namba yake ya jeshi, na neno Kalewa. Kisha akaufungia sandukuni. Alipoulizwa auwekea nini, alijibu, "Huu ndio mshahara wangu ambao sikuula."

Makaratasi yake ya jeshi yaliteketea nyumba ya makuti iliposhika moto, zamani sana, Baba hajazaliwa. Kwa hiyo ile namba ilibaki mahali pamoja tu ulimwenguni, napo ni ubavuni mwa mkebe. Hilo mimi sikulijua.

Sasa twende mwaka 2020. Mwezi wa Machi Korona iliingia nchini, ndege za kimataifa zikasimamishwa, na Diani bila wageni ni kama ngalawa bila tanga. Hoteli zilifungwa moja baada ya nyingine. Baba alikuwa mpishi. Alirudi nyumbani mchana mmoja na aproni yake mkononi, akaitundika ukutani, asiseme neno. Shule nazo zilikuwa zimefungwa. Mimi nilikuwa darasa la sita, na nyuma yangu wako wadogo zangu wanne. Tulianza na milo mitatu, tukashuka hadi miwili, kisha ikawa uji asubuhi na muhogo jioni.

Hapo ndipo Ami alipoleta habari. Kulikuwa na mzee wa Kizungu aliyekwama Diani, mkusanyaji wa vitu vya vita. Ami alimweleza habari za mkebe wetu na maandishi yake, naye akasema yuko tayari kutoa shilingi elfu ishirini, mradi uwe haujafunguliwa.

"Elfu ishirini, Baba!" Ami alimwambia Babu. "Huu mkebe wakaa sandukuni wafanya nini? Na hawa watoto kesho wala nini?"

"Si wangu hata nikauuze," Babu akajibu. "Ni amana."

Nyanya, ambaye kwa kawaida hawaingilii wanaume wakizungumza, siku ile alidakia: "Amana ya nani, na mwenyewe yuko kaburini? Angewaona vitukuu vyake walala na njaa, angeuza na sanduku lenyewe!"

Mdogo wangu wa miaka minne akauliza, "Kwani hauliwi?" Hakuna aliyecheka.

Babu alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alisema, "Haya. Aje auone, Ijumaa baada ya swala."

Alhamisi jioni niliutoa mkebe sandukuni nikautazama. Rangi yake ilikuwa imebanduka hapa na pale, kutu imetapakaa, na ubavuni una mikwaruzo. Nikawaza moyoni, nani atatoa elfu ishirini kwa uchafu kama huu? Nikauchukua hadi nyuma ya jiko. Nilitwaa makumbi ya nazi, jivu na mchanga, kama tunavyosugua sufuria, nikausugua mpaka vidole vikawaka moto. Nilipomaliza ulimetameta kama sarafu mpya. Nilijiona shujaa! Laiti ningeuinamisha kidogo kwenye mwanga kabla sijaanza, mimi niliyesoma madrasa tangu utotoni, ningeyasoma maandishi yale mwenyewe.

Ijumaa mgeni akaja. Aliupokea mkebe kwa mikono miwili, akaugeuza, akaugeuza tena, kisha akamuuliza Ami maandishi yako wapi. Babu akanyosha mkono. Macho yake yana mtoto wa jicho, kwa hiyo aliupapasa kwa kidole gumba. Alipapasa upande mmoja, akapapasa na wa pili, akarudia wa kwanza.

"Namba i wapi?" akauliza.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilieleza nikilia. Mgeni hakukasirika. Alimwambia Ami kwamba alichokitaka hasa ni maandishi, kwani mikebe mitupu ya kumeta anayo. Kisha akabonyeza kifuniko kwa kidole akatuonyesha kuwa kimefura kwa juu. Akatuonya tusiufungue wala kuuonja hata tukifa njaa, maana mkebe uliofura una viini vinavyotoa hewa ndani, na sumu ya namna hiyo yaweza kuua bila hata kunuka. Alituachia shilingi elfu moja za unga, akaenda zake.

Babu hakunipiga. Alisema tu, "Ulitaka kusaidia." Maneno hayo yaliniuma kuliko bakora. Jina la baba yake analikumbuka, na Kalewa analikumbuka. Ile namba aliikumbuka mwanzo wake, mwisho ukampotea, na mpaka leo haujarudi. Bila namba, hatuna pa kuanzia tukitaka kumtafuta Mzee Keya katika kumbukumbu za jeshi.

Njaa ile tuliimaliza kwa muhogo, dagaa na madeni ya dukani. Mwaka 2022 mkebe ulianza kuvuja. Afisa wa afya alitushauri tuufukie mbali na kisima, nasi tukauzika chini ya mwembe. Nimebaki na ufunguo wake mdogo wa kufungulia, ambao haukuwahi kufungua kitu.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya jambo hili. Nimesoma kwamba chakula cha kufungiwa kilitokana na vita tangu mwanzo: serikali ya Ufaransa wakati wa Napoleon ilimtuza Nicolas Appert faranga 12,000 kwa ugunduzi wake, naye akauchapisha mwaka 1810. Nimesoma kwamba mwaka 2017, huko Antaktika, ilipatikana keki ya matunda ya wasafiri wa kundi la Scott, yenye umri wa miaka zaidi ya 100, mkebe wake umeliwa na kutu lakini keki yenyewe karibu yalika. Basi huko kwenye baridi akiba haiozi. Kwetu kwenye joto na chumvi ya bahari ni mambo mengine. Nimesoma pia kwamba makumbusho mengine hutoboa mkebe wa kale upande wa chini, wakamwaga kilichomo, wakahifadhi gamba na maandishi yake. Yaani wataalamu wamekwisha kuamua kwamba chenye thamani si nyama. Mimi nilifanya kinyume chake: nilihifadhi nyama mbovu nikafuta maandishi.

Sasa nirudi kwenye mdahalo. Waliosema vitu vitumiwe wana haki. Vile vitu viwili vingine vya Mzee Keya ni ushahidi. Blanketi lilikunjwa vizuri, likawekwa sandukuni lisichakae. Lilipofunuliwa baada ya miaka, mchwa walikuwa wamebakisha pindo. Mestini haikuwekwa. Mpaka hivi leo Nyanya huipimia unga kila jioni. Ina kibonyo pembeni, na kila mtoto anayezaliwa kwetu hufika umri akauliza, "Nyanya, hapa pamefanya nini?" Naye husimulia jinsi ilivyoangukia jiwe katika bonde la Kabaw. Hakuna hata mmoja wetu asiyejua habari ya mestini. Habari ya mkebe ndiyo hatukuijua, kwa sababu ulikuwa umefichwa. Uendapo Diani, tazama Mskiti wa Kongo karibu na mlango wa mto Mwachema. Una karne nyingi, na ungali wasaliwa. Nadhani huko kusaliwa ndiko kulikoulinda.

Lakini waliosema vihifadhiwe nao wana haki. Kuna vitu ambavyo ukivitumia mara moja vimekwisha. Mkebe hufunguliwa mara moja tu. Kaya Kinondo, ambayo tangu 2008 ni mojawapo ya kaya zilizomo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, isingekuwepo leo kama kila mtu angeingia akakata mti wa kujengea. Wazee waliweka miko, watu wakaifuata, msitu ukabaki.

Basi tukosee wapi tusikosee? Mimi naona kosa letu halikuwa kuuweka mkebe, wala halikuwa kutaka kuuuza watoto wapate kula. Kwa njaa ile, hata leo sijui ningeamua vipi kama ningekuwa Babu. Kosa letu ni kwamba tuliuhifadhi mkebe tusiihifadhi habari yake. Nyumbani kulikuwa na simu tatu, na hakuna aliyewahi kuupiga picha. Kulikuwa na madaftari ya shule tele, na hakuna aliyeinakili ile namba. Mali bila daftari hupotea bila habari: methali hiyo tumeiandika wote katika mitihani tukapata alama zetu, kisha tukaiacha kwenye karatasi.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, likizo hii ukifika kwenu, uwe wa Msambweni, Lunga Lunga au Kinango, mwombe babu au nyanya akufungulie sanduku. Kisichoharibika kwa kutumiwa, kitumieni, kizungumzwe. Kinachokwisha kwa kutumiwa, kiwekeni. Na vyote viwili viandikeni: cha nani, kilitoka wapi, na kwa nini hakikutupwa. Lakini nakusihi, usikisugue kabla hujauliza.

Mimi daftari langu nimelianza. Ukurasa wa kwanza una jina la Mzee Keya, neno Kalewa, na mwanzo wa namba. Nafasi ya tarakimu zilizobaki nimeiacha wazi.