Kudai Fidia ya Ajali Si Kukosa Msamaha



Mwanamke akigongwa na gari, sisi wa kikundi cha kutembelea wagonjwa usharikani kwetu tunalijua neno atakaloambiwa kwanza: "Samehe, mama, mshukuru Mungu umetoka hai." Neno hilo ni jema. Tatizo ni kwamba mara nyingi linasemwa na watu ambao hawatalipa bili ya hospitali, wala hawatakwenda kuwapikia watoto wake wakati yeye anatembelea magongo. Nasi wauguzi tumewaona waliosamehe wakaishia kuuza cherehani na kuku ili walipie upasuaji wa pili.

Kusamehe na kudai fidia ni mambo mawili. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, aliyempiga mwenzake hata akalala kitandani anatakiwa kugharimia matibabu yake na siku alizokosa kazi. Tena, anayelipa kwa kawaida si yule dereva anayekuja wodini na mkewe, wamebeba sabuni na maji ya matunda, machozi yakiwatoka. Hapa Tanzania sheria inataka kila chombo cha moto kinachotembea barabarani, bodaboda ikiwamo, kiwe na bima ya kuwafidia watu wengine kitakaowaumiza. Mwenye gari alikwisha kuilipia bima hiyo. Usipodai, fedha haiendi kwa maskini. Inabaki kwa kampuni.

Tuwaeleze jinsi tulivyokwenda na mama mmoja wa usharika wetu, muuza samaki sokoni, mwaka 2019. Daladala lilimgonga akiwa amesimama kituoni, akavunjika mfupa wa paja, akawekewa chuma. Hatukuwa na wakili. Aliyejitokeza siku ya tatu alikuwa kishoka, amevaa tai, ambaye hadi leo hatujui nani alimpa namba ya kitanda. Alitaka nusu ya malipo yote, na karatasi ya kusainiwa alikuwa nayo tayari mkononi. Tulimsindikiza kwa heshima mpaka getini.

Kazi yenyewe ni ya karatasi, na nyingi hupatikana kwa urahisi siku za mwanzo tu. Wakati mgonjwa anahudumiwa, ndugu mmoja aende polisi kuchukua fomu ya PF3. Daktari akiisha kuijaza, toeni nakala kabla ya kuirudisha. Andikeni namba ya gari mapema, kwa kuwa ndiyo itakayowaonyesha kampuni ya bima. Siku hizi bima huhakikiwa hata kwa simu katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Yule dereva alishitakiwa, akakiri kosa, akatozwa faini. Nyumbani kwa mgonjwa walishangilia wakidhani mambo yamekwisha. Faini huenda serikalini. Majeruhi haoni hata senti yake. Ila hukumu ile ni ushahidi mzito, kwa hiyo tulirudi mahakamani kuomba nakala yake pamoja na hati ya mashtaka. Polisi tukaomba PF 90, ambayo ni taarifa ya ajali, na ramani ya tukio, na taarifa ya ukaguzi wa gari. Ilikuwa njoo kesho, njoo Jumatatu, mwenye funguo ya kabati yuko likizo. Tuligawana zamu, maana mume wa mama yule alikuwa kibarua na kila siku aliyokwenda ofisini ilikuwa siku bila ugali.

Swali lililotusumbua zaidi ni hili: muuza samaki atathibitishaje kipato chake? Hana barua ya mwajiri wala hati ya mshahara. Tukaketi naye, tukagundua kwamba ana vitu vingi kuliko alivyodhani. Alikuwa na daftari la mikopo ya wateja, risiti za ushuru wa soko, na ujumbe wa simu wa fedha alizokuwa akimtumia mvuvi kila wiki. Mwenyekiti wa mtaa akaandika barua kuwa anamfahamu kwa biashara hiyo. Tukaongeza risiti za dawa, za magongo, za bajaji ya kwenda kliniki, na fedha aliyolipwa binti aliyekuja kusaidia nyumbani. Mama wa nyumbani asidhani kwamba kazi yake ya kufua na kupika haina bei. Siku asipoiweza, huonekana mara moja ni shilingi ngapi.

Barua ya madai tuliiandika kwa Kiswahili, kurasa mbili. Tulipeleka nakala mbili, moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, tukarudi nayo. Msikubali kuondoka mapokezi bila muhuri huo.

Baada ya miezi minne kampuni ilimwita. Walimpa laki nane na hati ya kutia saini kwamba amelipwa na hana madai mengine. Chuma kilikuwa bado kiko mguuni! Mume alitaka achukue, ada za shule zilikuwa zimefika, na hatumlaumu. Lakini ukisaini hati ile, upasuaji unaofuata ni wako. Tulikaa nao jioni nzima, tukaomba pamoja, kisha usharika ukachangia ada ya muhula mmoja ili mama yule apate nguvu ya kukataa. Kwa madai ya namna hii sheria inatoa miaka 3 ya kufungua kesi, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kupona kwanza. Chuma kilipotolewa, daktari akaandika taarifa ya mwisho yenye asilimia ya ulemavu uliobaki, maana mguu ulikuwa umefupika kidogo. Walilipa milioni nne na laki sita, kwenye akaunti yenye jina lake mwenyewe. Hilo la jina tulilisimamia. Dereva alikuwa amekwisha kumsamehe zamani, hata samaki ananunua kwake.

Kampuni ikikaa kimya au ikitoa kiasi cha kudhalilisha, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo haitozi mlalamikaji. Lakini hatusemi mawakili hawana kazi. Akifa mtu, akipooza, akiumia mtoto kichwani, dereva akikana kosa, au miaka 3 ikikaribia kwisha, tafuteni wakili mwenye leseni, au wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Na kama aliyeumia aliumia akiwa kazini kwa mwajiri, njia ni nyingine. Huyo huenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Mwajiri ndiye anayechangia, si mfanyakazi, na ajali isipotolewa taarifa ndani ya miezi 12 haki hupotea. Mwulizeni mwajiri kwa barua kama ameandikisha ajali hiyo, na nakala ya barua ibaki nyumbani.