Fishi si Kitabu

Mwaka 1965 André Yav alichapisha hapa mjini andiko linaloitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ukisoma jina lake tu, utadhani ni orodha ya maneno, tena ya Kifaransa. Kumbe ndani mna historia ya mji wetu, jinsi waliyoikumbuka watu waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu, na imeandikwa kwa Kiswahili cha hapa hapa. Mwanafunzi anayetafuta maandishi ya Kiswahili hatalifikia kwa jina. Atalifikia ikiwa mtu fulani, katika maktaba fulani, ameandika kwenye fishi: lugha, Kiswahili.

Basi fishi hiyo ni mali ya nani? Swali hili limetugawanya darasani mwaka huu, na mimi nina upande wangu: maktaba yoyote inapaswa kuzitoa fishi zake bure, kwa kila anayezitaka.

Jambo lenyewe si geni. Tangu 1901 maktaba ya bunge la Marekani, Library of Congress, ilikuwa ikiuza fishi zilizochapwa kwa maktaba nyingine, ili kitabu kimoja kisielezwe upya mara elfu. Mwaka 1967 vyuo vya jimbo la Ohio viliungana kuunda OCLC, ambayo leo ina katalogi kubwa ya WorldCat, iliyojengwa kwa kazi ya maelfu ya maktaba. Novemba 2008 OCLC ilitangaza masharti mapya ya kutumia rekodi hizo. Wakutubi wengi walikasirika, maana waliona wanawekewa mipaka juu ya kazi ya mikono yao, na mwaka uliofuata masharti yale yakaondolewa. Harvard, kwa upande wake, ilitoa rekodi karibu milioni 12 mwaka 2012 bila kudai haki yoyote. Sijasikia kwamba rafu zake zimebaki tupu.

Mwalimu mmoja ninayemheshimu sana hakubaliani nasi. Shaba ilikwenda, alisema, kanda za wazee wetu zilikwenda Ulaya, sasa mnataka na fishi ziende? Darasa lilinyamaza. Hoja hiyo haifai kuchekwa na mtu aliyezaliwa Katanga. Lakini shaba ikichimbwa huacha shimo, na fishi ikinakiliwa hubaki katika droo yake. Hatari ninayoiona mimi ni nyingine: tumpe mmoja peke yake, naye afunge mlango, kisha atuuzie tulichomwandikia. Dawa yake ni kuwapa wote kwa pamoja, na kuandika wazi kwamba hakuna anayeweza kuzifungia.

Kuna sababu nyingine, na hii inatuhusu sisi wa isimu kuliko mtu yeyote. Rekodi za maktaba hutaja lugha kwa herufi tatu. Kiluba cha Katanga ni lub, Kibemba ni bem. Kisanga, ambacho Guthrie alikipa namba L35, hakina herufi zake katika orodha hiyo ya zamani. Kinatupwa katika bnt, yaani mfuko wa lugha za Kibantu zilizobaki. Nkambo wangu amesema Kisanga maisha yake yote, na kwa katalogi anasema “nyingine”. Orodha mpya zaidi, ya 2007, inakipa sng, na Kiswahili cha Kongo kinapata swc badala ya kuchanganywa na cha Mombasa katika swa. Lakini rekodi haijisahihishi yenyewe. Anayeweza kuisahihisha ni mtu anayefungua kitabu na kutambua, kwa viambishi vya ukurasa wa kwanza, kwamba hiki ni Kisanga wala si Kiluba. Mtu huyo yuko hapa, ana miaka ishirini na kitu, na hana pesa za kulipia katalogi ya wengine. Akifungiwa rekodi, kosa litakaa hapo hata miaka hamsini.

Sisemi kila kitu kitoke. Fishi za kanda za utafiti mara nyingi zina jina la msemaji, kijiji chake, hata ugomvi wa shamba aliokuwa akisimulia. Yeye alikubali kurekodiwa na mwanafunzi aliyeketi mbele yake. Hakuulizwa kuhusu dunia nzima. Hizo zibaki hadi yeye au watoto wake waulizwe.

Memwari ni jambo jingine. Ziliandikwa ili zisomwe, na nyingi hazijulikani nje ya jengo letu. Wakati mwingine hata ndani yake, ndiyo maana mada zilezile hurudi kila baada ya miaka michache. Papa anayetunza chumba cha fishi amekubali kutufungulia kila Jumamosi asubuhi. Tutaanza na droo ya lugha za Kibantu, tukinakili kila fishi katika kompyuta na kuongeza herufi za lugha sisi wenyewe. Tunahitaji hasa watu wanaosema Kihemba na Kilamba, na yeyote anayeweza kusoma mwandiko wa kalamu ambao wino wake umefifia.