Unamtafuta Dume? Kaa Kitako!

Shemeji yangu aishiye Marekani huwinda kulungu wa huko, na kwa misimu miwili amerudi nyumbani mikono mitupu. Majike anawaona, madume hawaoni! Alipokuja Timau likizoni aliapa kwamba msimu ujao akikosa tena, atauza bunduki.

Hapa bunduki haimfai, kwani Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Macho je? Nikampeleka msitu wa Ngare Ndare tumtafute mbawala.

Wengi hukosea kwa kutembea mno. Mbawala dume hupenda kukaa peke yake, rangi yake imeiva kama gome la mti, na akishtuka mara nyingi huganda. Wewe wapita, yeye anakuhesabu hatua. Basi lipa kiingilio, mchukue askari wa msitu (tembo wamo!), kisha ukae karibu na kichaka asubuhi mapema au jioni, anapotoka kula. Mwekundu asiye na pembe ni jike.

Upepo ndio huwashinda hata wazoefu. Huku mlimani hewa baridi huteremka alfajiri. Jua likipasha ardhi joto, upepo hugeuka ukapanda. Asubuhi, ukikaa juu ya kichaka, harufu ya sabuni yako inamshukia puani. Kaa chini yake. Tega sikio penye nyani pia, maana mbawala hufuata matunda wanayoyaangusha.

Shemeji alinyamaza saa nzima, jambo ambalo dada yangu hataliamini. Mara dume akatokeza, pembe zimesokotwa, akatukazia macho, akabweka kama mbwa na kutoweka.

"Kumbe nimekuwa nikiwafukuza mwenyewe," akanong'ona.