Mikono Inayotetemeka

Katika mchezo wa karata uitwao poka, wanaochezea fedha husomana nyuso na mikono. Mmarekani Mike Caro aliandika kitabu juu ya ishara hizo mwaka 1984. Alifundisha kwamba anayejifanya imara mara nyingi ana karata dhaifu, na mkono unaotetemeka wakati wa kuweka dau mara nyingi umeshika karata nzuri.

Nasi wachungaji husoma nyuso. Mjane mmoja alitupokea akicheka: "Mimi sijambo, Baba Mchungaji." Tulirudi kesho yake, ndipo alipolia. Na mikono inayotetemeka kwenye Meza ya Bwana, mara nyingi tumeiona imeshika imani kubwa.

Wapendwa, mcheza karata humsoma mwenzake ili achukue fedha zake. Sisi tusomane ili tuchukuliane mizigo.