Kabini za Victoria

Juzi mpwa wangu, binti wa dada yangu, alinipigia simu kutoka Bukoba. "Shikamoo mjomba. Nimeshakata tiketi ya meli ya kurudi Mwanza. Nimepata kabini ya juu, ya mbele kabisa, dirisha linatazama ziwa lote!" Nikamuuliza: injini iko upande gani, na winchi je? Akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwenye simu hawakuonyesha. Huyu ni binti ambaye hata basi la Biharamulo humchafua moyo, na tupo mwezi wa Julai, upepo wa kusini-mashariki umeshika. Amelipa fedha nyingi zaidi ili apate mahali pabaya zaidi kwa mtu kama yeye, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Zamani alikuwepo.

Meli ninayoizungumzia ni Victoria. Ilijengwa Scotland na kampuni ya Yarrow, ikaletwa vipande vipande mpaka Kisumu, ikaungwa huko na kuanza kazi mwaka 1961. Mwaka huo nimeuhakikisha, ingawa wazee wa kwetu walihesabu kwa misimu ya kahawa na hawakuwa na haja nao. Ilikuwa ikibeba barua na abiria kuzunguka ziwa zima. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 ikabaki kwetu, na safari yake tuliyoijua sisi ikawa ya usiku mmoja: Bukoba, Kemondo, Mwanza.

Karani wa dirisha la tiketi pale bandari ya Bukoba alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi nyuma ya shingo. Jina lake silitaji, kwa kuwa watoto wake wapo na sijawaomba ruhusa. Pale dirishani palinuka vitu viwili: wino wa mhuri, na akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, ambayo aliiweka katika kikopo cha bati na kumkaribisha kila mzee aliyefika. Kabla ya kukaa dirishani alikuwa mhudumu wa kabini melini, tangu enzi za kuzunguka ziwa. Kwa hiyo alijua bomba lipi hugonga usiku, mlango upi haushiki, na kitanda kipi kiko ukutani mwa choo. Chini ya kioo cha meza yake aliweka mchoro wa meli alioupiga mwenyewe kwa kalamu ya risasi. Sehemu nyingine alizikoleza mpaka karatasi ikawa nyeusi. Hizo ndizo zilizokuwa na kelele.

Hakuanza na daraja wala nauli. Alianza kwa kumuuliza mtu: maji yanakulevya? Usingizi wako mwepesi? Una mtoto mchanga? Mama yangu, ambaye ziwa lilimlevya hata akiwa bado gatini, alijibu yote matatu ndiyo. Karani akamuwekea kitanda cha chini, katika kabini ya daraja la pili, karibu na kati ya meli. Baba alikuwa ameuza kahawa vizuri mwaka ule na alitaka daraja la kwanza, kule juu, vitanda viwili tu na dirisha. Karani akakataa kwa adabu. "Waitu, kule juu unalipia dirisha. Mama anahitaji usingizi, na usingizi uko chini."

Akaweka rula juu ya kifutio, akabonyeza ncha moja, ya pili ikapanda, katikati pakabaki palepale. Meli hufanya hivyohivyo inapokutana na wimbi kwa mbele: omo hupanda na kushuka, tezi hufuata kinyume, na anayelala kati hutikisika kidogo tu. Inapolala ubavu huu na kuinukia ule, aliye juu hupepesuka kuliko aliye chini. Nilikuja kusoma baadaye kwamba kinachomlevya mtu ni ugomvi wa macho na masikio. Ndani ya sikio kuna maji ya kupimia mwendo, nayo husema tunakwenda, huku macho yanayotazama ukuta wa kabini yakisema tumetulia. Ndiyo maana aliye sitahani akitazama taa za mbali hupata nafuu, na anayejifungia kusoma gazeti hupata tabu. Karani hakuwa na maneno hayo. Alimwambia mama alale chali, afumbe macho, asisubiri kuona kama atalewa.

Kelele nazo alizigawa kwa haki. Omoni kuna mnyororo wa nanga, na mawimbi hupiga bamba la chuma karibu na sikio lako. Nyuma kabisa kuna rafadha, inayotetemesha kitanda na kuimbisha glasi mezani. Na kati, palipo na utulivu wa mwili, bomba la moshi hukuonyesha kwamba injini haiko mbali. Basi hesabu yake ilikuwa hii: kaa kati, lakini jisogeze kabini kadhaa kuelekea mbele, ukuta wako usipakane na injini, jiko wala ngazi. Makuli na wachuuzi wa ndizi, watu wa kulala popote, aliwapa vitanda vya karibu na injini nao wakamshukuru kwa joto. Vijana wa shule tuliotaka kuona kila kitu alitupeleka mbele.

Zaidi ya yote alijua Kemondo. Meli ikitoka Bukoba jioni huingia Kemondo kupakia, na miaka ile upakiaji ulikuwa shughuli ya saa nyingi: mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa, winchi ikilia, makuli wakiitikiana, msimamizi akipiga filimbi. Aliyelala upande wa gati hakulala. Kwa hiyo karani alimpa mwenye usingizi mwepesi kabini ya upande wa ziwani. Akamwonya pia juu ya chakula: ukitoka Mwanza unayo ghuba ya kukukinga mwanzoni, kula mapema ulale kabla ya maji makubwa; ukitoka Bukoba ziwa li wazi papo hapo, na upepo wa Julai utakupiga usoni, basi kula kidogo, kikavu, utafune tangawizi. Mwenye dawa aimeze kabla meli haijang'oa nanga, maana ukishaanza kutapika haikai tumboni.

Mama alifika Mwanza asubuhi ile amefunga kitenge chake vizuri na kuomba chai. Nyumbani habari hiyo ilisimuliwa kwa miaka.

Ya Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, siyasemi. Kila nyumba ya Kagera ina lake. Karani alikuwa ameshastaafu, na sijui mchoro ulikwenda wapi. Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka: lami ikatukaribia, mabasi yakaongezeka, madirisha ya tiketi yakajaa vijana waliouza namba bila kuinua uso. Mwaka 2014 Victoria ikasimama. Ilirudi 2020, imekarabatiwa, ikiitwa MV New Victoria Hapa Kazi Tu, na nilifurahi kama kila mtu wa ziwani. Lakini inaniuma kuona abiria wanavyopangwa. Mjamzito anapewa kitanda cha juu, mzee anawekwa mlangoni pa choo, na sebuleni televisheni inapiga kelele hadi usiku wa manane, kana kwamba injini haitoshi. Daraja limekuwa kila kitu, na mwili wa msafiri hauulizwi.

Mpwa wangu nilimwambia arudi bandarini akabadilishe, achukue ya chini, ya kati, upande wa ziwani. Alibadilisha bila tabu, na wakamrudishia tofauti ya nauli.

Sasa kuna meli nyingine, MV Mwanza, iliyoshushwa majini 2023, kubwa kuliko Victoria. Wahudumu wake ndio watakaojua kabini ipi inatetemeka na ipi iko juu ya winchi. Ninawaomba wanaouza tiketi za meli hizi wawaulize wahudumu hao, wachore ramani ya kabini, waibandike dirishani na kuiweka kwenye simu, ionyeshe injini, jiko, ngazi, vyoo na upande wa gati la Kemondo. Na karani kabla ya kupokea fedha amuulize abiria kama maji yanamlevya.