Mkono Mwepesi Juu ya Bega la Bibi

Katika nyumba zetu za Maskati, nyumba za watu waliotoka Unguja na Pemba, mwili ukiuma hospitali huwa si mahali pa kwanza. Kuna kuchua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Kuna kukanda kwa maji ya moto, hasa kwa mzazi. Kuna kuumika, ambako huku wengi wanakuita kwa Kiarabu, hijama. Dawa zote hizi zina sifa moja: unazisikia. Mchuaji hodari ni yule anayekutoa machozi, na ukiamka asubuhi umevilia, watu husema kazi imefanyika.

Bibi yangu ni mtu wa mafuta na machozi. Alizaliwa Unguja, akaja Oman miaka ya 1970, Sultan Qaboos alipowafungulia mlango Waomani waliokuwa nje warudi. Mwaka jana bega lake la kulia lilianza kumkatalia. Hakuweza kuchana nywele. Hakuweza kufikia rafu ya bizari jikoni. Na lililomuuma roho zaidi, hakuweza kuinua mkono sawasawa kwenye takbira. Alichuliwa na kila mkono uliopatikana Al Khoud na Seeb, na bado usiku alikuwa halali. Akawa anameza vidonge vya maumivu kila siku, mpaka daktari akamwonya kuhusu figo.

Daktari huyo alimpima moyo, sukari na mfupa kwanza, kwa sababu maumivu ya bega yanaweza kutoka mbali na bega lenyewe. Alipohakikisha, akampeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mwanamke anayefanya tiba ya kulegeza fashia kwa mkono mwepesi. Mtaalamu alizungumza Kiingereza na Kiarabu kidogo, na Bibi akiumwa Kiarabu chote humtoka, anabaki na Kiswahili tu. Mimi nikawa mkalimani. Ninaandika haya kwa ajili ya wanachama wenzangu ambao zamu yao itafika.

Kwanza, fashia ni nini? Bibi alielewa haraka kuliko mimi, kwa sababu ya jikoni. Ukikata nyama ya mishkaki unakuta ule utando mweupe, mwembamba lakini mgumu, ambao kisu kikiwa butu haukatiki. Binadamu naye anao. Umefunika kila msuli, unapita katikati ya nyuzi zake, unazunguka mifupa, mishipa na viungo vya ndani, na umeungana toka kichwani mpaka nyayoni. Nilipomfasiria hivyo, Bibi akasema, "Kumbe mimi nimekuwa nyama ya mtamba mzee."

Sasa mambo ya kutarajia. Kabla ya kuguswa, utaulizwa maswali mengi: una kidonda, umevunjika mfupa karibuni, unatumia dawa za kuzuia damu isigande, umewahi kuwa na damu iliyoganda mguuni au saratani? Haya si maswali ya kupoteza wakati. Ukijibu ndiyo, huenda tiba ikabadilishwa au isifanyike kabisa. Halafu mtaalamu atatazama unavyosimama, unavyogeuza shingo, na mkono unafika wapi. Bibi alilala kitandani nyuma ya pazia, amefunikwa shuka, bega tu liko nje, na mimi nimekaa upande wa kichwa chake. Kwa bibi zetu jambo hili la stara ni kubwa. Liulizieni mapema, mnapopiga simu kuweka miadi.

Pili, hakuna mafuta. Bibi alikuwa amekuja na kichupa chake mkobani, na kikarudi mkobani. Mchuaji anataka mkono uteleze, lakini tiba hii inataka mkono ushike ngozi na uivute polepole. Mtaalamu aliweka kiganja kimoja chini ya mtulinga na kingine juu ya bega, akatulia. Dakika ikapita, ya pili, ya tatu. Ndivyo ilivyo: mkono unakaa mahali pamoja dakika mbili hadi tano hivi, unasubiri mwili ulegee wenyewe, kisha unafuata pale ulipolegea. Katika hiyo dakika ya tatu Bibi akaninong'oneza, "Muulize ataanza saa ngapi."

Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Mtu aliyezoea kuchuliwa hadi machozi ataona anapapaswa tu. Mtaalamu akaeleza kuwa msuli unaougua ukibanwa kwa nguvu hujikaza kujilinda, na huyu bibi bega lake limeshabanwa vya kutosha. Kwenye nusu saa hivi Bibi akasema anasikia joto linashuka mpaka kwenye kiwiko. Wengine husikia kuvutwa mahali ambapo hawakuguswa, wengine hulala usingizi, wengine hulia bila kujua sababu. Na wengine hawasikii kitu siku ya kwanza. Kesho yake mwili unaweza kuwa mzito au kuuma kidogo, na kwa kawaida hupita baada ya siku moja au mbili. Ukiuma kwa kuchoma, au mkono ukifa ganzi, mwambie mtaalamu.

Kazi yangu ngumu ilikuwa maneno. Mtaalamu aliuliza: toka sifuri hadi kumi, maumivu ni ngapi? Bibi akajibu, "Maumivu hayapimwi kwa pishi." Lakini alipoulizwa yakoje, alifungua ghala. Usiku bega linawanga. Akiinua mkono linachoma. Akiliacha kimya linavuta. Mtoto akimgusa kwa bahati mbaya anatoneshwa. Mimi nyumbani nilikulia na neno moja, linauma, na Kiingereza changu cha chuo hakikuwa na mengi zaidi. Ilibidi nimuombe Bibi anionyeshe kwa mkono kila neno lilivyo. Kuwanga alikuonyesha kwa kufunga na kufungua ngumi. Mtaalamu akaandika yote, kwa sababu maumivu yanayochoma wakati wa kuinua mkono na maumivu yanayowanga usiku hayamwambii jambo moja.

Kisha likaja neno mshipa. Bibi alisema, "Mshipa umekaza." Kwa Bibi, mshipa ni mshipa wa damu, ni mshipa wa fahamu, na ni kano pia. Kwa mtaalamu hayo ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina hatari yake. Tulitumia muda mrefu kwa neno hilo moja, Bibi akipitisha kidole toka shingoni hadi begani, mpaka ikafahamika kuwa alikuwa anaonyesha msuli.

Sitaki kuisifu tiba hii kupita kiasi. Mwaka 2008 watafiti walipiga hesabu ya nguvu inayohitajika kubadili umbo la fashia. Kwa utando mgumu wa paja na wa unyayo, nguvu hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya mikono ya binadamu. Kwa hiyo wataalamu wengi wanaona kwamba kinachotulia ni mishipa ya fahamu, ambayo imejaa ndani ya fashia, wala si utando unaonyooshwa kama unga wa chapati. Na tafiti za matokeo hazikubaliani zote: zipo zinazoonyesha nafuu, na zipo zinazoona nafuu ndogo tu. Mtaalamu wetu mwenyewe alisema mkono wake ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mazoezi ya nyumbani, kutembeza vidole ukutani kila asubuhi na jioni, kidogo kidogo kwenda juu.

Bibi alikwenda mara sita. Bega halijapona. Ila vidonge vimepungua, analala, na mkono wake wa kulia unafika sikioni. Rafu ya bizari bado ananituma mimi. Kuchuliwa naye hakuacha, ila sasa humwambia mchuaji apunguze nguvu, jambo ambalo hakuna mtu nyumbani aliyetarajia kulisikia.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mgonjwa anayeficha hatibiwi, lakini pia yupo mgonjwa asiyeficha kitu, ila anayemsikiliza hana lugha yake. Maskati ina wazee wengi wa namna hiyo, na wajukuu wao ndio sisi. Katika chama tunajifunza ngeli na mashairi, na ni vizuri. Naomba tujifunze na maneno ya mwili: kuwanga, kupwita, kuchonyota, kukeketa, kufa ganzi. Waulizeni bibi na babu zenu wakati hawaumwi, wana subira zaidi. Siku ya kwenda nao kwa daktari, kaeni upande wa kichwa, na msifasiri "linauma" mpaka mumeuliza linauma vipi.