Usiku Mlaze Chali, Mchana Mgeuze

Chumbageni, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho. Umeongea mbiombio na honi za bodaboda zimekula maneno mengine, lakini shida nimeipata: Haidari ana wiki kumi, kisogo chake upande wa kulia kimebapa, mama mkwe anataka kukikanda, jirani anataka kukuuzia kimto chenye tundu katikati, na wifi yako aliyeko Uingereza anasema watoto wa huko huvishwa helmeti. Unaniuliza umsikilize nani.

Kabla ya kumsikiliza yeyote, itazame shingo yake.

Akiwa macho, ameshiba na amecheua, mlaze chali kwenye mkeka. Piga magoti kichwani kwake, umwambie dada wa kazi amshike mabega taratibu yasiinuke. Tikisa funguo karibu na sikio la kulia, mpe muda ageuke, kisha hamia kushoto. Kidevu kinatakiwa kifike usawa wa bega, huku na huku sawasawa. Kama kulia anafika na kushoto anaishia njiani, au analia, au anageuza kiwiliwili kizima badala ya shingo, basi kisogo ni matokeo tu. Chanzo ni msuli unaotoka nyuma ya sikio na kushuka mpaka kwenye mtulinga. Ukikaza ule wa kushoto, humgeuza mtoto uso kulia na kumwinamishia kichwa kushoto. Wazazi wengi hushangaa kusikia kwamba msuli wenye kasoro uko upande usiobapa. Upapase kwa ncha za vidole. Wengine huwa na kinundu kigumu humo ndani katika wiki za mwanzo. Ukikuta lolote kati ya hayo, usisubiri. Mpeleke hospitali yenye kitengo cha fiziotherapia wakakuonyeshe namna ya kuunyoosha, nawe uendelee nyumbani kila unapombadilisha nepi. Anayeanzishwa mazoezi katika miezi mitatu ya mwanzo hunyooka upesi. Akingojewa mpaka miezi sita, kazi huwa ndefu na mtoto mwenyewe keshakuwa na nguvu za kukupinga.

Kama shingo ni nzima, basi ni mazoea, na mazoea nadhani nayajua. Nilipokuja kwenye arobaini niliona kitanda chenu kimegusa ukuta, mtoto kalazwa upande wa ukutani, nawe kulia kwake. Kulia kuna uso wa mama, harufu ya maziwa, taa na mlango. Kushoto kuna saruji. Kwa nini ageuke kushoto?

Fuvu la mchanga si mfupa mmoja. Ni vipande vilivyoshikana kwa mishono laini, na vinapokutana hubaki uwazi: utosi mdogo wa nyuma, unaofunga baada ya kama miezi miwili, na ule mkubwa wa mbele, ambao kwa wengi hufunga kati ya mwaka na mwaka na nusu. Mifupa imeachwa hivyo ili mtoto apite njia ya uzazi, kisha ubongo upate nafasi ya kukua. Miezi mitatu ya kwanza mzunguko wa kichwa huongezeka kiasi cha sentimita 2 kila mwezi, halafu sentimita 1 mpaka mwezi wa sita, halafu nusu sentimita. Kichwa hutanuka kuelekea pale pasipo na kizuizi. Boga shambani hubapa upande uliolalia udongo, na hakuna mtu aliyelibonyeza. Kwa hiyo jambo hili lina tiba ndani yake: uzito ukiondoka upande wa kulia wakati kichwa bado kinakua kwa kasi, upande ule hujaa. Wiki kumi ni umri mzuri wa kuanza. Miezi minane ningekuandikia barua nyingine.

Sasa mikono ya mama mkwe wako. Wamangbetu wa kaskazini-mashariki mwa Kongo, nchi ya mto Uele, zamani walivirefusha vichwa vya watoto kwa kuvizungushia vitambaa tangu uchanga, vikaachwa vimefungwa miezi na miezi. Desturi hiyo ilififia katikati ya karne iliyopita. Siwataji ili tuwashangae. Nawataja kwa kuwa walijua jambo ambalo sisi wakandaji wa pwani tunalisahau: fuvu halisikii nguvu ya mara moja, linasikia mgandamizo mdogo usioondoka. Dakika tano za viganja na maji ya moto haziwezi kushindana na saa kumi na sita za godoro. Faida ya kukanda kichwa ni ndogo, na hatari ipo, hasa karibu na utosi na kwa mkono mzito. Pua nayo iacheni, haitachongoka kwa kuvutwa.

Kuna jambo moja sitaki ulijaribu kwa sababu yoyote ile: kumlaza kifudifudi au ubavu usiku ili kisogo kipumzike. Tulipokuwa kazini tukihudumia wachanga miaka ya themanini, vitabu vyenyewe vilikuwa vikituambia tuwalaze kifudifudi wasipaliwe. Baadaye utafiti, hasa wa New Zealand na Uingereza, ukaonyesha kwamba watoto waliolala kifudifudi ndio waliokuwa wakifa zaidi ghafla usingizini. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza chali mwaka 1991, Marekani ikafuata kwa mapendekezo ya madaktari wa watoto ya 1992 na kampeni ya kitaifa ya 1994. Vifo hivyo vilishuka kwa kiasi cha nusu na zaidi. Katika miaka hiyohiyo madaktari wa upasuaji wa Marekani wakaanza kupokea watoto wengi wenye visogo bapa, na leo ni jambo la kawaida kabisa: huko Calgary, Kanada, watafiti walipowapima watoto wa wiki saba hadi kumi na mbili, matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha karibu nusu yao wana ubapa wa kiasi fulani, wengi wao kidogo tu. Mimi naliona hilo kuwa badilishano zuri mno. Kisogo kina marekebisho.

Kwa hiyo usiku, na kila usingizi wa mchana, ni chali, kwenye godoro gumu lisilo na mto. Ungeweza kumpatia kitanda chake kidogo kando ya chako ingekuwa bora zaidi. Unachobadilisha ni mwelekeo: leo kichwa kielekee mchagoni, kesho kielekee miguuni, ili wewe na mlango muwe kushoto kwake. Akishazama usingizini unaweza kumgeuza uso taratibu. Akiurudisha, mwache, usishindane na mtoto usiku kucha. Na kimto cha jirani kataa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo Novemba 2022 kuhusu mito hiyo ya kuunda kichwa, kwamba haijathibitika kusaidia na inaweza kumziba mtoto pumzi. Jirani mwambie tu hela imekwenda kwenye nepi, yaishe.

Kazi yenyewe ni ya mchana. Anapokuwa macho, asilale chali muda mrefu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto asiyeanza kutambaa awekwe kifudifudi angalau dakika 30 kwa siku, zikigawanywa, akiwa macho na mtu akimtazama. Usiogope hizo dakika thelathini, hazidaiwi kwa mkupuo. Anza na kifua chako mwenyewe: egemea mito kwenye kochi, mlaze tumbo lake juu ya kifua chako, mwite. Atainua kichwa kukutafuta, kitayumba, atakiangusha, atapumzika, atainua tena. Hiyo ni dakika moja na imehesabiwa. Baadaye mhamishie mkekani, ukunje kanga uiweke chini ya kifua chake, mikono iwe mbele. Usifanye mara baada ya kunyonya, utaoga maziwa. Atalalamika siku za kwanza. Kulalamika si kuumia.

Ukimnyonyesha unabadilisha ziwa, hivyo na upande unabadilika. Lakini dada anapompa yale maziwa unayoyakamua ukiwa kazini, humpakata mkono uleule kila mara, kwa sababu kila mtu ana mkono aliouzoea. Mwambie awe anabadilisha. Kile kiti cha kubembea mlichopewa zawadi nisingekitupa, ila kisiwe makao yake, maana humo kisogo kinaegemea vilevile. Kiti cha gari ni cha garini, mkifika, mtoeni.

Mbeleko ndiyo nzuri kuliko vyote hivyo, na sisemi kwa ushabiki. Mtoto aliyebebwa wima hana godoro la kumbapiza, na anaona dunia. Kwa sasa, shingo ikiwa bado haijakomaa, mbebe kifuani, pua yake uione na kidevu kisizame kifuani kwake. Ukishaanza kumweka mgongoni, angalia shavu lipi linalala kwenye mgongo wako, maana hata huko hupenda upande mmoja, ulibadilishe. Usipitishe saa moja bila kumfungua anyooshe viungo. Huo nao ni ushauri wa mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani, na bibi zetu waliokuwa wakilima na watoto mgongoni mpaka adhuhuri wangeucheka.

Helmeti zipo kweli, wifi yako hakudanganya. Mtoto huvaa saa 23 kwa siku kwa miezi. Ila Uholanzi walifanya jaribio wakalichapisha mwaka 2014: watoto 84 wenye ubapa wa kati hadi mkubwa, wakagawanywa kwa kura, nusu wakavaa helmeti kuanzia miezi sita, nusu wakaachwa. Walipofika miaka miwili hapakuwa na tofauti ya maana baina yao. Katika kila kundi kama robo ndio waliorudi sawa kabisa, wengine walipata nafuu na kubaki na alama. Wazazi wa waliovaa walilalamikia ngozi kuwasha, jasho na harufu. Hiyo ni Uholanzi, sasa wewe fikiria huko kwenu Mbagala mwezi wa Februari. Wapo watoto wachache wenye ubapa mkubwa sana ambao daktari anaweza kuwapendekezea, lakini kwa Haidari sioni haja hata ya kuulizia bei.

Nikuambie ukweli pia: huenda kisirudi mviringo kamili. Huenda ukikipapasa akiwa na miaka minne utajua mahali palipokuwa pamebapa, wewe peke yako, kwa kuwa nywele zitafunika na shingo ikirefuka jicho la mtu haliendi huko. Ubapa wa namna hii haubani ubongo. Watoto wenye visogo bapa huonekana wakati mwingine kuchelewa kidogo kukaa au kutambaa, na mara nyingi ni kinyume cha watu wanavyodhani: asiyejigeuza sana ndiye anayebapa. Kwa hiyo fuatilia kama anashika shingo na kujipindua kwa wakati, usihesabu milimita za kisogo.

Kuna hali moja inayofanana na hii ambayo si ya kungojea, nayo ni mishono ya fuvu kuungana mapema. Ni adimu, kama mtoto mmoja katika kila elfu mbili au elfu mbili na mia tano. Mpakate, mtazame kutoka juu ya utosi. Ubapa wa kulalia upande wa kulia husukuma sikio la kulia mbele kidogo, na paji la uso upande huohuo hutokeza. Ukiona sikio limevutwa nyuma, au ukigusa ukingo mgumu kama uzi mnene juu ya mshono, au kichwa kilikuwa na umbo hilo tangu siku aliyozaliwa na kinazidi, mpeleke kwa daktari. Vivyo hivyo utosi ukivimba akiwa ametulia, au macho yakawa yanazama chini kila wakati. Wewe uko Dar, taasisi ya MOI pale Muhimbili ina wapasuaji wa vichwa vya watoto, omba rufaa.

Mama mkwe usimwambie hajui. Amelea watoto sita na mmoja wao ndiye mumeo. Mwachie mafuta na mwili wote, miguu, mgongo, mikono, amkande atakavyo, kichwa akioshe tu. Kisha mpe kazi ya upande wa kushoto: akae kushoto kwa mjukuu wake kila anapokuja, amwongeleshe kutokea huko, amwimbie kutokea huko. Mtoto humgeukia anayemsemesha, na yeye atapata sababu halali ya kusema kwamba kichwa amekitengeneza yeye. Umwache aseme.

Chanjo ya wiki ya kumi na nne inakaribia. Ukienda kliniki mwombe muuguzi apime na mzunguko wa kichwa kwa futikamba, juu ya nyusi na nyuma pale palipotokeza zaidi, auandike kwenye kadi. Watakuambia foleni ni ndefu; mwombe kwa upole na usiondoke kwenye benchi. Namba hiyo nitumie.

Basi la Jumamosi nimempa kondakta tenga la machungwa ya Muheza, lipokee stendi ya Magufuli kabla ya Magharibi. Ni ya mama mkwe wako, nyinyi mtakula atakayowagawia.

Shangazi yako,
Mwanaidi